Herufi A Iliponikataa Kangema

Jumapili moja ya mwezi wa Januari, saa mbili za asubuhi, niliketi mbele ya kompyuta ya binti yangu huko Kangema, nikaandika sentensi moja. Nilipoinua macho kuisoma, nikaona maneno haya: "Mwlimu wngu mefriki duni."

Nilidhani ni macho yangu, maana usiku sikulala vizuri. Nikafuta, nikaandika tena pole pole kwa kidole kimoja. Yakaja yale yale. Herufi zote zilikuwako ila A. Nilitaka kuandika dunia, mashine ikaniandikia duni.

Ndugu msomaji, hebu jaribu wewe mwenyewe. Chukua sentensi yoyote ya Kiswahili uiondolee A, kisha utazame kilichobaki. Baba hana hata irabu moja, na mama vile vile. Sala haisomeki. Vitenzi vyetu karibu vyote vinakwisha kwa A: kusoma, kuandika, kupenda, kuzika. Mwingereza akikosa A atababaisha kwa muda. Sisi tukiikosa hatuna lugha.

Nami siku hiyo sikuwa na nafasi ya kubabaisha. Baada ya sala ya Alfajiri nilikuwa nimepigiwa simu kutoka Mombasa kuwa mwalimu wangu wa chuoni, aliyenifunza Kurani nikiwa mtoto wa miaka sita mtaani Kibokoni, amefariki usiku, na maziko ni baada ya Adhuhuri katika makaburi ya Kikowani. Kutoka Kangema kwenda Mombasa ni safari ya siku nzima: matatu hadi Murang'a, matatu nyingine hadi Nairobi, kisha kilomita karibu 480 za basi au gari moshi. Hata ningelikuwa na mbawa nisingeliwahi. Nilipompigia mhariri kumweleza, akanipa pole, kisha akaniambia: "Basi tuandikie taazia. Iwe mezani kwangu kabla ya saa kumi na mbili jioni, itoke kesho."

Hilo ndilo lililokuwa limebaki mkononi mwangu. Kubeba jeneza sikuweza, kutia udongo sikuweza. Niliweza kuandika tu, na chombo cha kuandikia kilikuwa kimenigomea.

Wasomaji wengi wa huku pwani hawajafika Kangema. Ni mji mdogo katika kaunti ya Murang'a, kwenye miteremko inayopanda kuelekea milima ya Nyandarua. Juu yake ni mashamba ya majani ya chai, chini yake ni kahawa, na katikati ni migomba na miparachichi. Waliopanda matatu tangu mwaka 2004 wanamjua aliyekuwa mbunge wake, marehemu John Michuki, yule waziri aliyewafunga abiria mikanda. Binti yangu anasomesha Kiswahili katika shule moja ya sekondari karibu na hapo, nami nilikuwa nimekwenda kumtembelea yeye na wajukuu.

Udongo wa huko ni mwekundu kama matofali. Mvua ikinyesha hugandana na viatu, na jua la Januari likiwaka huwa vumbi jembamba linaloingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Kwetu pwani adui wa mashine ni hewa ya chumvi, inayokula chuma kwa kutu, pamoja na jasho la vidole. Huko ni vumbi hilo, na masizi ya kuni, na chai ya maziwa inayonywewa kutwa kucha kwa sababu ya baridi.

Na chai ndiyo iliyonifedhehesha. Nisikufiche, msomaji. Ijumaa usiku nilikuwa nimekaa pale pale mezani, kikombe ubavuni, nikakigusa kwa kiwiko. Haikumwagika nyingi, pengine vijiko vitatu au vinne, lakini ilikuwa chai ya sukari, nayo iliangukia upande wa kushoto wa kibodi. Nilipangusa juu kwa leso, nikatazama mlangoni, na nilipoona hakuna aliyeniona nikaenda kulala. Juu ya kibodi palikuwa safi. Nikajiambia yamekwisha.

Asubuhi ile ya Jumapili ilinibidi nimwite binti yangu nikakiri. Akacheka kidogo, kisha akaona uso wangu akaacha kucheka. "Baba, mbona hukusema? Ningeigeuza pale pale isingeingia ndani." Maduka ya mjini yalikuwa yamefungwa, watu wako kanisani. Simu ya mkononi ninayo, lakini kwa macho yangu haya kuandika maneno mia sita kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja ni adhabu. Akaniambia jirani yao ana kijana fundi wa simu na kompyuta, mwenye kibanda karibu na kituo cha matatu. Akatuma mtoto kumwita.

Kijana alikuja na nguo zake za kanisani, akanisalimu kwa heshima. "Guka, pole kwa msiba," akasema. Guka ni babu kwa Kikuyu, nami nilipenda kuitwa hivyo. Akaitazama ile kibodi, akaichomoa waya wake kwenye kompyuta, akatandika gazeti mezani, akaigeuza kichwa chini na kuipigapiga mgongoni kwa kiganja.

Subhana Llah! Vilivyoanguka juu ya gazeti ungedhani ni takataka za ua zima. Palikuwa na vumbi jekundu, na chaki ya darasani, makombo ya mandazi, nywele, ukucha, punje ya mchele na mdudu mkavu. Na kila kimoja kilikuwa kimekaa chini ya vidole vyetu, sisi tunaojidai watu wa tohara, tunaotawadha mara tano kwa siku.

Nikawa naitazama ile kibodi kama sijapata kuiona. Vibonye vya A, I, K, N na U vilikuwa vimesuguliwa mpaka vikang'aa kama ngazi za msikiti wa kale. A ilikuwa imekwisha kufutika nusu, na pembeni ina ukoko mweusi. Lakini Q na X zilikuwa mpya kama zilivyotoka dukani, zina vumbi tu. Ndipo nilipofahamu kuwa uchafu wa kibodi nao husomeka. Hii ni kibodi ya mwalimu wa Kiswahili. Katika maandishi yetu A ndiyo inayotumika kuliko herufi zote, na Q na X hatuna kazi nazo. Ya mtu aandikaye Kiingereza ungeikuta imechakaa kwenye E.

Aliyepanga herufi hizi hakutufikiria, wala hakuwa na sababu ya kutufikiria. Mpangilio huu umetokana na mashine ya chapa ya Christopher Latham Sholes, mtu wa magazeti kama sisi, wa mji wa Milwaukee, Marekani. Alipata hataza ya mashine hiyo pamoja na wenzake mwaka 1868, na kampuni ya Remington ikaanza kuziuza mashine hizo mwaka 1874. Tangu hapo zimekuja mashine za umeme, zikaja kompyuta, na mpangilio umebaki ule ule. Basi mtu aliyejifunza kupiga chapa kwa vidole vyote kumi huibonyeza A kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Yaani herufi yetu yenye kazi kubwa imepewa kidole kinyonge kuliko vyote!

Nilipomwambia fundi hayo akatabasamu. "Sisi hata kibonye hatuna, Guka." Akanieleza kuwa Kikuyu kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa alama juu ya I na juu ya U, alama ambazo kibodi za kawaida hazina. Wengi huandika bila alama, na msomaji akisie mwenyewe. Nikanyamaza. Nilikuwa nalilia herufi moja kwa siku moja.

Kisha tukaanza kazi. Nitaieleza kwa mpango wake, maana huenda ikamfaa mtu.

Kwanza, kibodi iwe imechomolewa. Pili, tuliipiga picha kwa simu kabla ya kung'oa chochote, ili tujue kila kibonye kinarudi wapi. Tatu, tulivingoa vibonye kimoja kimoja kwa mpini mwembamba wa kijiko, ukipenyezwa chini na kuinuliwa taratibu mpaka kikaruka. Vile virefu, kama kile cha nafasi, vina waya wa chuma chini yake unaovishikilia sawasawa; fundi alitushauri tusiviguse bila haja, maana kuvirudisha kuna kazi. Vyote tulivitia katika chujio la chai kisipotee hata kimoja, tukavizamisha katika beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni.

Hapo ndipo nilipoona kilichomo ndani. Chini ya kila kibonye kuna kikombe kidogo cha mpira kinachobonyea na kuinuka. Chini ya vikombe hivyo, fundi akanieleza, kuna karatasi mbili za plastiki zilizochorwa mistari ya kupitisha umeme, na katikati yake ya tatu yenye matundu. Ukibonyeza, mistari ya juu na ya chini hugusana kupitia tundu, na kompyuta hujua ni herufi gani. Ukiachia, huachana. Ni kugusana na kuachana tu, basi. Ya A yangu ilikuwa haifiki hata huko: sukari ya chai ilikuwa imekauka kando ya kibonye, ikakigandisha kwenye kijia chake, hakishuki. Juu kibonye kilikuwa safi, maana nilikipangusa kwa mkono wangu mwenyewe.

Fundi akatoa mkobani kichupa cha spiriti. Nikamzuia, nikamweleza kwa nini nasita. Sisi wa pwani wengi wetu ni Mashafii, na katika madhehebu yetu khamri ni najisi. Je, spiriti ya kusafishia nayo ina hukumu hiyo? Maulamaa wa zama hizi wamekhitalifiana. Wako wanaoikataa, na wako wanaosema si kinywaji na yajuzu kuitumia katika dawa na usafi. Swali hili tulilisikia sana mwaka 2020, korona ilipotufanya sote tupake mikono dawa. Mimi si mufti, kila mtu na amuulize sheikh wake.

Kijana hakubishana nami. Akasema jambo ambalo lilinistarehesha: "Kwa chai, maji ni bora, Guka. Sukari huyeyuka kwa maji. Spiriti ni ya mafuta." Na ndivyo ilivyo. Spiriti husifiwa kwa sababu hukauka upesi na hukata mafuta ya vidole, lakini sukari haiiyeyushi vizuri. Basi tukachukua kijiti cha pamba, tukakichovya katika maji ya uvuguvugu, tukakikamua mpaka kisidondoshe, tukakizungusha ndani ya kile kijia cha A. Kikatoka cha rangi ya kahawia. Tukachukua kingine, na kingine. Cha saba kilitoka cheupe. Mahali pengine tulipitisha brashi kavu, na kitambaa kilichokamuliwa vizuri.

Tulipokuwa tunavisugua vibonye katika beseni kwa mswaki mkuukuu, nikakumbuka mbao zetu za chuoni.

Mwalimu wangu alikuwa wa mwisho mtaani kwetu kushikilia ubao. Vyuo vingine walikuwa wakisomea juzuu zilizopigwa chapa, lakini yeye alisema mtoto asiyeandika hajasoma. Tuliandika kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, kuanzia alifu kwa kijiti. Tukishahifadhi somo, ubao uliosheka ili upokee jingine. Kuosha huko kulikuwa na adabu zake. Maji yale hayakumwagwa njiani yakanyagwe, wala kwenye mtaro. Yalitiwa chomboni na kumwagwa mahali safi, kwenye shina la mti uliokuwa uani, kwa sababu yamechukua maneno matukufu. Naye alipokagua hakutazama uso wa ubao. Aliugeuza. Mtoto aliyeosha mbele akaacha nyuma na wino na alama za vidole alirudishwa kisimani, hata kama wenzake wamekwisha kwenda nyumbani. Alikuwa akituambia: "Mbele umewaoshea watu. Nyuma je, umemwoshea nani?"

Mara ngapi nilirudishwa mimi! Nami Ijumaa ile, mzee mzima wa miaka hamsini na kitu, nilipangusa mbele nikaenda kulala, usiku mmoja kabla hajafa.

Ilipofika saa sita na nusu vibonye vilikuwa vimetandazwa juu ya taulo uani, kivulini, penye upepo. Fundi alitukataza kuvianika juani moja kwa moja au kuviweka karibu na jiko, maana plastiki ya namna hiyo hupindika kwa joto, kama vile inavyoweza kuharibika kwa petroli au dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Kibodi yenyewe iliegemezwa ukutani imeinamia chini. Ilikuwa lazima kungoja. Mwenye haraka akaichomeka na unyevu ndani ndiye aiharibuye.

Nikatawadha kwa maji ya Kangema, ambayo hata Januari ni baridi ya kuuma mifupa. Nikasali Adhuhuri, na baada yake nikamsalia mwalimu wangu sala ya ghaibu, inayojuzu katika madhehebu yetu kwa maiti aliye mbali. Binti yangu alisimama nyuma yangu. Yule kijana alikaa kimya kizingitini, kofia mkononi, mpaka tukatoa salamu. Wakati huo huo, Mombasa, watu walikuwa wakimpokezana mabegani kuelekea Kikowani.

Saa tisa tulirudisha vibonye. Wajukuu walitaka kila mmoja atie chake, wakatia M mahali pa N, tukatazama picha tukasahihisha. A niliirudisha mimi. Ikalia "tik", ikakaa. Fundi akachomeka waya, akanisogezea kiti. Nikaandika: "Mwalimu wangu amefariki dunia." Herufi zote zikaja. Wajukuu wakapiga makofi, kisha mama yao akawakanya.

Taazia ilifika saa kumi na moja na dakika arubaini.

Nimewahi kuulizwa na vijana kwa nini kazi ndogo kama hii niiandikie makala. Najua plastiki si ubao, wala A ya kompyuta si alifu ya msahafu. Maji ya lile beseni hayakuchukua ila uchafu wetu. Lakini sisi ni umma ulioapiwa kwa kalamu, tuna sura nzima inayoitwa kwa jina lake, na Mwana Kupona wa Pate, alipomuusia bintiye mwaka 1858, alianza kwa kumwambia alete wino na karatasi. Wazee wetu walichonga kalamu, walitunza vidau vya wino, walifunga vitabu vyao katika vitambaa. Sisi tunakula mahamri juu ya chombo chetu cha kuandikia.

Basi msomaji wangu, mara moja kwa mwezi ichomoe kibodi yako, uigeuze, uipigepige mgongoni. Juu pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Ukimwagikiwa na kitu, chomoa na uigeuze pale pale, usingoje asubuhi. Na kama ni kompyuta ya kukunja, ambayo kibodi imeshikana na mwili wake, usifanye nilivyofanya mimi: izime upesi, ondoa chaji, iinamishe, usijaribu kuiwasha, umpelekee fundi. Na kikombe kiwe meza nyingine.

Yule kijana alikataa malipo, akasema siku ya msiba hachukui fedha. Binti yangu alimfungia mandazi katika karatasi. Mimi nikalichukua beseni nikatoka nalo nje. Ilikuwa rahisi kumwaga pale mlangoni. Nikazunguka nyumba mpaka kwenye shina la mparachichi, nikamwaga huko.

Ubeti huu niliutia mwisho wa ile taazia:

Herufi hukaa mbele, kila mtu huisoma,
Uchafu huwa ni ule, wa chini uliozama,
Mwalimu wetu wa kale, nyuma ndiko hutazama,
Mola umlaze pale, peponi palipo pema.